Vitabu vya Kuanzia Kuhusu Mageuko na Akili

Kitabu kinachotajwa kwanza katika habari za mageuko ya viumbe ni On the Origin of Species cha Charles Darwin, kilichotoka London mwaka 1859. Msomaji mgeni asianze nacho. Ni kirefu, kinakawia sana kwenye njiwa wa kufugwa, na kuhusu binadamu hakisemi karibu lolote. Darwin aliliacha jambo hilo hadi 1871, katika The Descent of Man, alipodai kuwa akili ya mtu na ya mnyama hutofautiana kwa kiasi tu.

Pa kuanzia ni Gombe, mkoani Kigoma. In the Shadow of Man (1971) cha Jane Goodall kinasimulia kazi aliyoianza huko Julai 1960. Baada ya miezi michache alimwona sokwe dume, aliyempa jina David Greybeard, akiwa kwenye kichuguu. Sokwe huyo alitumbukiza bua la nyasi tunduni, akangoja mchwa waling'ate, akalichomoa na kuwala kwa midomo. Wengine walichuma kijiti na kukipukuta majani kwanza, yaani walitengeneza zana, kazi ambayo wataalamu wengi waliamini ni ya binadamu peke yake.

The Selfish Gene (1976) cha Richard Dawkins, mzaliwa wa Nairobi, kinaeleza uteuzi wa asili kwa kufuata jeni badala ya mnyama mzima. Jina lake limewapotosha wengi: uchoyo unaotajwa humo ni wa jeni, si lazima wa mtu mwenyewe.

Kinachoshangaza kuliko vyote ni Other Minds (2016) cha Peter Godfrey-Smith, mwanafalsafa apendaye kuzamia baharini. Shujaa wake ni pweza, huyohuyo anayepikwa supu pwani. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa mikononi kuliko kwenye ubongo. Ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kwa hiyo akili yake ilikua kwa njia yake yenyewe.

The Mismeasure of Man (1981) cha Stephen Jay Gould kinashambulia desturi ya kupima akili za watu kwa mafuvu na mitihani. Kisomwe kwa tahadhari: mwaka 2011 watafiti waliyapima upya baadhi ya mafuvu hayo, wakaona Gould ndiye aliyekosea hapo.

Mwenye nafasi ya vitabu viwili tu achukue cha Goodall na cha Godfrey-Smith.