Jicho la Ndugu Katika Dawa za Saikosisi

Juni na Julai, baridi ya Mufindi na ya milima ya Uporoto humfanya kila mtu atafute koti na moto. Anayetumia klopromazini ana sababu ya ziada ya kujikinga. Dawa hiyo, kama nyingine za kundi lake, huvuruga sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, hivyo mwili unaweza kupoa kupita kiasi bila mwenyewe kutambua. Mtu huyohuyo akiteremka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, au kwenye mashamba ya mpunga ya Pawaga, shida hugeuka: mwili hushindwa kupunguza joto, na ngozi yake huungua na jua upesi kuliko ya wenzake. Dozi ni ileile, lakini hatari imebadilika.

Dawa hizi hupewa watu wenye saikosisi: hali ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushikilia kwa dhati imani isiyo na ukweli, kwa mfano kwamba majirani wamepanga kumuua. Zinasaidia sana. Lakini usalama wake hautoki kwenye kidonge peke yake. Hutegemea uangalizi wa watu watatu: mgonjwa, ndugu anayeishi naye, na mtaalamu wa afya.

Nafasi nyembamba

Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwatibu wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, kwa klopromazini. Haloperidoli ilipatikana mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji. Zote mbili huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana taarifa. Dopamini hiyo inahusika na saikosisi, lakini inaongoza pia mijongeo ya viungo. Ndiyo maana dawa inayotuliza sauti inaweza pia kukakamaza mikono.

Mwaka 2000 mtafiti Shitij Kapur na wenzake, huko Toronto, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakitumia haloperidoli. Nafuu ilianza kuonekana pale vipokezi vipatavyo asilimia 65 vilipozibwa. Vilipozidi asilimia 78, matatizo ya mijongeo yaliongezeka. Nafasi iliyopo kati ya nafuu na madhara ni nyembamba. Anayejiongezea vidonge ili apone haraka anaivuka bila kujua, na aliyesahau dozi ya jana hapaswi kumeza mbili leo.

Madhara yanayodhaniwa kuwa kitu kingine

Katika siku za kwanza, hasa kwa kijana, shingo inaweza kupinda ghafla, macho yakageukia juu na ulimi ukatoka nje. Wapo watakaosema ni mapepo. Ni misuli iliyokaza kwa sababu ya dawa, na hospitalini kuna sindano inayoilegeza ndani ya muda mfupi.

Mwingine hushindwa kutulia: anakaa, anasimama, anazunguka uani usiku kucha. Nyumbani husemwa ugonjwa umepanda. Mara nyingine anaongezewa dozi, na hali inazidi, kwa sababu ni dawa yenyewe inayomsumbua. Kumbe alihitaji kupunguziwa au kubadilishiwa dawa.

Dhara la tatu hutokea kwa nadra, lakini linaua: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Mahali penye malaria kama Kyela, wazo la kwanza la mtu yeyote ni malaria. Homa ikiambatana na kukakamaa kwa mtu anayetumia dawa hizi, asipewe dozi inayofuata. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na vidonge vyake vibebwe vikaonyeshwe.

Madhara mengine huja polepole. Midomo na ulimi vinaweza kuanza kuchezacheza vyenyewe baada ya miezi au miaka, na dalili hiyo ikionekana mapema iripotiwe mapema. Olanzapini, dawa nyingine ya kundi hili, huongeza uzito na sukari ya damu, hivyo mgonjwa apimwe vyote viwili. Klopromazini hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, kwa hiyo anayeamka akae kwanza kitandani kabla ya kuinuka.

Vinavyokutana na dawa mwilini

Dawamseto ya malaria, ALu, na haloperidoli zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Malaria lazima itibiwe, lakini mtoa dawa aambiwe kwanza mgonjwa anatumia nini kingine. Kabamazepini, wanayopewa watu wengi wenye kifafa, hulifanya ini liiondoe haloperidoli haraka, na dozi iliyokuwa ikitosha ikawa haitoshi tena. Moshi wa sigara hufanya vivyo hivyo kwa olanzapini. Anayeacha kuvuta amwambie daktari, maana dawa itaongezeka katika damu. Pombe za kienyeji kama ulanzi na komoni huzidisha usingizi na kuyumba, na wakati wa mvua, ulanzi unapojaa Iringa, ndugu wanapaswa kulizungumza jambo hilo waziwazi.

Kuacha na kuendelea

Mgonjwa akipata nafuu, hujiuliza dawa ni ya nini tena. Uchambuzi wa tafiti 65 uliochapishwa mwaka 2012 na Stefan Leucht na wenzake ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliobadilishiwa na kupewa vidonge visivyo na dawa. Kupunguza kunawezekana kwa baadhi ya watu, lakini kufanyike polepole na daktari akijua. Mjamzito naye asiache ghafla kwa hofu; awahi kliniki akashauriwe.

Anayechoka kumeza kila siku anaweza kuomba sindano ya flufenazini, dawa ya kundi hilihili, ambayo hudumu kwa wiki kadhaa. Ila ikishachomwa haiwezi kuondolewa mwilini, hivyo ni vizuri dawa ijaribiwe kwanza.

Mgonjwa hatakiwi kubeba maamuzi haya peke yake, na Mbeya imeshaonyesha njia ya kuwaleta ndugu karibu. Katika mradi wa KUPAA, uliofanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Taifa Muhimbili, wagonjwa 66 wa skizofrenia, ugonjwa unaoleta saikosisi, na wa maradhi yanayokaribiana nayo walishiriki, kila mmoja pamoja na ndugu yake. Vikao 12 vya kikundi viliandaliwa ili wajifunze pamoja kuhusu ugonjwa na tiba yake.

Msingi huo wa mgonjwa na ndugu kujifunza pamoja unapinga desturi ya kusagia vidonge kwenye uji kwa siri. Asiyejua kwamba anatumia dawa hawezi kusema shingo inamkaza, wala kumtajia mtoa dawa anapougua malaria. Mweleze. Muulize kila juma anajisikiaje. Andikeni pamoja jina la dawa, kipimo na tarehe ya kurudi kliniki, na karatasi hiyo iende naye kila anapotibiwa. Mkiwa kliniki ulizeni madhara gani yanaweza kutokea, na yakitokea usiku mkimbilie wapi. Ni haki yenu kuondoka na majibu.