Njia ya Maporomoko ya Sanje: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kupanda

Mkazi wa kata zilizo chini ya Milima ya Udzungwa hahitaji kuelekezwa yalipo Maporomoko ya Sanje. Akiinua macho kutoka bondeni huyaona yakining'inia kama utepe mweupe katikati ya msitu. Hata hivyo, wapo waliokua wakiyatazama kwa mbali bila kuyafikia, na wapo wanaodhani kuwa njia ya kupandia ni ya wageni peke yao. Makala haya yanaeleza njia hiyo ilivyo, taratibu zake, na uhusiano wake na maji yanayotumiwa vijijini.

Njia yenyewe

Maporomoko hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Maji hushuka takriban mita 170 kwa hatua tatu. Safari huanzia kituo cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula. Njia ni ya mzunguko: mpandaji hupita upande mmoja na kurudi kwa upande mwingine, na kwa mwendo wa kawaida safari huchukua takriban saa nne pamoja na mapumziko. Sehemu ya kupanda ni kali, kwa kuwa upande huu wa milima umesimama wima kuelekea bonde la Kilombero. Juu kuna mabwawa ya maji baridi, na kutoka hapo mashamba ya miwa na mpunga huonekana yametandazwa chini.

Wanyama wa njiani ni sehemu ya thamani ya safari. Mbega mwekundu huonekana mara kwa mara. Mwenye bahati humwona pia ngolaga, nyani wa kijivu asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika milima hii. Wataalamu wa sayansi walimtambua mwaka 1979, lakini wenyeji walikwishamjua na kumpa jina muda mrefu kabla ya hapo.

Kwa nini mto haukauki

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi zinapogongana na ukuta wa milima. Hewa hiyo hulazimika kupanda, ikapoa na kuwa mawingu na mvua. Mvua hiyo ingeanguka juu ya mteremko mtupu, ingeporomoka yote kwa siku chache, ikichukua udongo. Lakini msitu huipokea kwa hatua: majani huvunja kasi ya matone, takataka za majani hunyonya maji kama sifongo, na mizizi hufungua njia za maji kuzama ardhini. Maji hayo hutoka polepole kwenye chemchemi miezi mingi baadaye. Ndiyo sababu vijito vya Udzungwa huendelea kutiririka kiangazi, wakati mvua imekwisha kitambo.

Maji ya milima hii hunywewa na kumwagilia mashamba vijijini, kisha huingia katika bonde la Mto Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme.

Ulinzi wa msitu huo una gharama kwa kaya. Hadi mwaka 2011 wakazi waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni kavu, na ruhusa hiyo ilipositishwa, mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama. Jibu la kudumu liko nje ya mpaka wa hifadhi: kupanda miti ya kuni kandokando ya mashamba na kutumia majiko banifu, ambayo hupika kwa kuni chache. Kila shina linaloachwa kusimama mlimani ni akiba ya maji ya bondeni.

Taratibu za safari

Hifadhi ipo chini ya TANAPA. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa viwango vya chini kuliko vya wageni wanaotoka nje ya Afrika Mashariki. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa fedha mkononi, na viwango vinavyotumika huulizwa katika lango la Mang'ula. Njia ya Sanje haipitwi bila mwongozaji, kwa kuwa tembo na nyati wamo msituni.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Waanze asubuhi, wakiwa na maji ya kunywa na viatu vyenye soli inayoshika.

Wachague miezi ya Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika miamba huteleza na mto hujaa ghafla.

Wasipuuze dalili za mafuriko. Mvua inaweza kunyesha kileleni huku bonde likiwa na jua. Maji yakibadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au mngurumo ukiongezeka, watu watoke mtoni mara moja na kupanda mahali pa juu. Kuvuka kwa haraka ili kuwahi kurudi kumegharimu maisha ya watu katika makorongo mengi.

Wasikaribie ukingo wa maporomoko hata maji yakiwa machache. Mwani ulioshika jiwe huteleza kuliko matope.

Wasitumie sabuni wala kuacha taka katika mabwawa, kwa sababu kinachotupwa juu hushuka hadi kwenye ndoo ya jirani.

Walimu wanaotaka kuwapeleka wanafunzi wawasiliane mapema na ofisi ya hifadhi Mang'ula, ili idadi ya waongozaji ilingane na idadi ya watoto. Mtoto aliyeona kwa macho yake chemchemi ikitoka chini ya mizizi atakuwa na sababu ya kuulinda msitu atakapokuwa mtu mzima.