Kiwambo na Mbavu

Apandaye kilima huko Maretadu, katika nchi ya Mbulu, naye amebeba ndoo ya maji, aghalabu akifika juu huitua, akashika magoti na kutweta. Na umtazamapo ubavuni wakati ule huziona mbavu zake za chini zikitanuka na kunywea mithili ya mivukuto ya mhunzi. Ufundi wa jambo hilo umo katika ile ile ndoo iliyo miguuni pake. Utambo wake, ukiwa umelala ubavuni mwa ndoo, ukaunyanyua kidogo, sehemu yake ya katikati huenda juu na nje kwa pamoja. Ndivyo ulivyo ubavu: nyuma umeshikamana na uti wa mgongo, mbele umeungwa na mfupa wa kidari kwa gegedu, na katikati umeinama, nyama zilizo baina ya mbavu zikikaza huuinua, nao ukiinuka hauna budi kutoka nje, kifua kikapanuka, hewa ikaingia.

Hata hivyo kazi kubwa ni ya kiwambo, msuli utengao kifua na tumbo. Jina hili limetokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma, ingawa naona aliyelichagua hakutazama vema, kwani kiwambo hiki hakikunyooka bali kimefanya kuba, na kingo zake zimeshika mbavu za chini. Kikikaza hushuka, kikakutana na ini na tumbo, navyo havikubali kusukumwa mno, basi nguvu huzigeukia mbavu na kuzinyanyua. Aliyevuta tumbaku miaka mingi, mapafu yake yakajaa hewa isiyotoka, kiwambo chake hubonyezwa kikawa bapa, kifua kikafanana na pipa, na kila avutapo pumzi mbavu za chini, badala ya kutoka, huingia ndani.

Wako wasemao kuwa wakimbiaji wa Mbulu wamejaliwa vifua vipana kwa sababu ya miinuko yao. Sisadiki sana, wenye sifa hiyo ni wazaliwa wa nyanda za juu za Andes, ambazo Mbulu haizifikii kwa kimo, na John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alipokimbia marathoni Mexico City mwaka 1968, mahali penye mwinuko wa mita zipatazo 2,240, misuli ilimkaza njiani kama mgeni yeyote. Mazoezi huzitia nguvu nyama za pumzi, ila mifupa iliyokwisha komaa haigeuki kwa wepesi.

Mtoto mchanga ni habari nyingine, maana mbavu zake ni laini na zimelala karibu sawasawa, kama utambo uliokwisha inuliwa. Mapafu yakikakamaa kwa kichomi, kiwambo huvuta kwa nguvu, nazo mbavu hushindwa kustahimili, sehemu ya chini ya kifua ikabonyea kila avutapo pumzi. Na mwenye matege, ambaye mifupa yake imekosa ugumu, mvuto huo wa kila siku humwachia mfuo wa kudumu pale pale kiwambo kinaposhikilia, nao matabibu huuita mfuo wa Harrison.

Kwa hiyo katika zahanati, na katika hospitali kama ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyo hapo Mbulu tangu 1955, muuguzi humwambia mzazi, “Mama, mfunue mtoto kifua,” kisha husubiri atulie, kwani kilio nacho hubonyeza mbavu, ndipo ahesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa aliyetimiza miezi miwili na hajafika mwaka ni nyingi mno, na kwa aliyevuka mwaka, 40.