“Provided that” na “Seeing that”: Sharti au Sababu?

Mtahiniwa, maneno “provided”, “given” na “seeing” yametokana na vitenzi. Yakifuatwa na “that” hufanya kazi ya kiunganishi na kuanzisha kishazi tegemezi. Usiyachanganye.

“Provided that” hutaja sharti: “You may borrow my book provided that you return it tomorrow,” yaani mradi ukirudishe kesho.

“Given that” na “seeing that” hutaja sababu: “Seeing that it is raining, we shall stay here,” yaani kwa kuwa mvua inanyesha.

Tahadhari: baada ya “provided that” usiandike “will”, hata kama jambo lenyewe ni la kesho. Utapoteza alama bure. Kabla ya kujibu, jiulize: hili ni sharti au sababu?