Kahawa ya mkutano: Anayeagiza afikirie afya ya wageni

Kampuni nyingi za katikati ya jiji la Nairobi, Westlands na Kilimani huandaa semina na mikutano ya wafanyakazi mwaka mzima. Mtu mmoja, aghalabu karani au afisa wa utawala, hupewa kazi ya kuagiza chai na kahawa. Huuliza hoteli bei ya kila mgeni, huhesabu vikombe, kisha hutia sahihi. Afya ya watakaokunywa hutajwa kwa nadra.

Ilhali kahawa ina kafeini, nayo kafeini hufanya kazi mwilini kama dawa. Huchangamsha ubongo, huweza kuufanya moyo udunde kwa kasi, na hupandisha shinikizo la damu kwa muda, hasa kwa asiyeizoea. Anayeagiza kahawa ya watu 100 ni kama anayewapa watu 100 dozi moja bila kuwapima. Miongoni mwao huenda mna mama mjamzito ambaye bado hajamwarifu mkubwa wake, mzee anayeugua shinikizo la damu na kijana anayesumbuliwa na kiungulia. Hakuna atakayejitangaza mbele ya wenzake. Atakunywa kilichoko mezani.

Kiasi gani kinafaa?

Mwaka wa 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya njema anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, mradi zisizidi 200 kwa mara moja. Kwa mjamzito na anayenyonyesha, kipimo ni miligramu 200 kwa siku nzima.

Kikombe cha mililita 200 cha kahawa iliyochujwa kina takriban miligramu 90. Kikombe cha chai ya majani kina takriban 50. Hivyo basi, mjamzito aliyekunywa chai nyumbani asubuhi, kisha akapewa vikombe viwili vya kahawa mkutanoni, tayari amepita kipimo chake.

Vikombe 100 vya ukubwa huo ni lita 20. Lakini si lazima lita zote ziwe za kahawa. Kenya huuza nje sehemu kubwa ya kahawa yake, na wengi wetu ni wanywaji wa chai. Tuseme wageni 40 watataka kahawa: hizo ni lita 8, zinazohitaji takriban gramu 480 za kahawa ya kusagwa. Wengine wawekewe chai, na pia kinywaji kisicho na kafeini. Hoteli za Nairobi hukijua vyema kile cha tangawizi, ndimu na asali kinachoitwa 'dawa'.

Inafaa pia kuuliza jinsi kahawa itakavyotayarishwa. Kahawa inayochemshwa bila kuchujwa, kama ile chungu ya Pwani, hubaki na mafuta yanayoweza kupandisha kolesteroli ikinywewa kwa wingi kila siku. Kichungi cha karatasi huyazuia mafuta hayo.

Saa ni muhimu

Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Anayekunywa kahawa saa kumi jioni hupanda kitandani saa nne usiku akiwa bado nayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zikitumiwa saa sita kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Mkazi wa Kangemi au Uthiru anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili aepuke msongamano wa Waiyaki Way hana saa ya usingizi ya kupoteza.

Kwa sababu hiyo, kahawa kamili iandaliwe saa nne na nusu asubuhi. Saa kumi jioni, zaidi ya nusu ya vinywaji viwe visivyo na kafeini.

Isitoshe, kahawa na chai zisiandaliwe pamoja na chakula cha mchana. Vinywaji hivi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika chakula, na chai huzuia zaidi kuliko kahawa. Wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa hawana chuma cha kutosha, na upungufu huo huleta upungufu wa damu.

Kampuni ikialika wauguzi wapime wafanyakazi shinikizo la damu, meza yao ifunguliwe kabla ya kahawa. Asiyezingatia nusu saa ya kusubiri baada ya kahawa anaweza kuambiwa ana maradhi asiyokuwa nayo.

Moto, maziwa na sukari

Mwaka wa 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani, ambamo ilikuwa imewekwa mwaka wa 1991. Lakini wakati huo huo lilionya kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Nchini Kenya, saratani hiyo ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi. Mgeni apewe dakika chache za kuketi ili kikombe kipoe.

Maziwa yawe yamechemshwa. Yakiwekwa moto, yakae katika themosi inayohifadhi joto la zaidi ya nyuzi 60; yakiwa baridi, yasiachwe mezani kwa zaidi ya saa mbili. Sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Mandazi na keki nazo zina sukari yake. Nduma na viazi vitamu vya kuchemsha vinatosha kushindikiza chai.

Mwishowe, kila chombo kiandikwe kilicho ndani yake. Mwagizaji akitimiza hayo, hatakuwa na haja ya kuuliza nani mgonjwa na nani mzima. Kila mgeni atajichagulia kinachomfaa, na siri yake itabaki kuwa yake.