Maji Yalindayo Matangi ya Kemikali

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na afikapo mji wa Mikumi, ulio katika Wilaya ya Kilosa, huiona njia ikichepuka kwenda Ruhembe na Kidatu, penye mashamba ya miwa ya Kilombero yaliyotandaa pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu. Huko miwa haitoi sukari peke yake. Molasi isaliayo huchachuliwa na kukenekwa ikawa spiriti, nayo spiriti ni mali yenye hatari, kwa maana mvuke wake waweza kushika moto kwenye ujoto wa nyuzi 13 tu za Selsiasi, na muali wake mchana wa jua hauonekani ila kwa shida.

Aghalabu watu hudhani kwamba mabomba ya kunyunyizia maji yazungukayo tangi la spiriti kama hiyo yamewekwa ili kuzima moto. Kazi yake kubwa ni kulihifadhi tangi ambalo bado halijawaka, lisije likashindwa na harara ya jirani yake. Chuma hupoteza takriban nusu ya nguvu zake kifikapo nyuzi 550, na ukuta ulio hatarini zaidi ni ule wa juu, usioguswa na kimiminiko cha ndani, kwa kuwa hauna cha kuupoza ila maji ya nje. Na maji yana fadhila kubwa katika jambo hili: yageukapo mvuke huchukua joto lipatalo mara saba ya lile lililoyafikisha kwenye kuchemka.

Tarehe 4 Januari 1966, huko Feyzin, Ufaransa, gesi ya propani ilivuja chini ya tangi kubwa na kuwaka. Wazimamoto walielekeza maji yao kwenye matangi ya jirani, kwa kuamini kwamba valvu ya usalama italitosha lile lililozingirwa na moto. Valvu ilipunguza shinikizo la ndani, lakini haikuweza kupoza chuma. Tangi likapasuka, na watu 18 wakafa.

Basi mhandisi huanza kwa hesabu. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 15 hutaka lita 10.2 za maji kila dakika kwa kila mita ya mraba ya tangi lililo karibu na moto. Tuchukue tangi lenye kipenyo cha mita 10 na kimo cha mita 10: ukuta na paa lake ni mita za mraba zipatazo 390, nayo hudai lita 4,000 kwa dakika, yaani lita 480,000 kwa saa mbili. Gari la zimamoto lenye lita 5,000 lingekauka kabla dakika ya pili haijatimia.

Kwa hiyo bwawa na pampu hutangulia midomo ya kunyunyizia. Wakazi wa Kilosa wanaujua Mto Mkondoa na mafuriko yake, lakini wingi wa maji mtoni hautoi dhamana ya maji bombani: mchanga na majani huziba matundu madogo, na kiangazi hupunguza kina. Ndiyo sababu ya chujio, ya pampu ya pili iendeshwayo kwa dizeli umeme ukatikapo, na ya valvu kuwekwa mbali, mahali mtu atakapoweza kuifungua bila kuungua. Maji hayo yakiisha kumwagika yapate pa kwenda, wala yasiachwe kuichukua kemikali hadi mtoni wanakovua na kunywa watu wa chini.

Tena si kila kemikali hupatana na maji. Asidi ya salfuriki iliyo kali huchemka kwa ghadhabu ikinyunyiziwa, na spiriti inayowaka huhitaji povu la aina yake, kwa kuwa povu la kawaida huharibiwa nayo. Ni wajibu wa mwenye kiwanda kuyajua yaliyomo ndani ya kila tangi kabla ya kununua bomba, kuufungua mfumo wake angalau mara moja kila mwaka na kutazama kama kila sehemu ya ukuta inalowa, na kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lishuhudie. Mfumo usiowahi kujaribiwa kwa maji usihesabiwe kuwa ni ulinzi.