Neno "-eupe" Lina Mambo

Mtu akiulizwa maana ya "-eupe" atajibu upesi: ni rangi ya maziwa au ya chokaa. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi, nami nilijifunza hayo kwa hasara.

Kwetu ni Bweyeye, kusini mwa msitu wa Nyungwe, karibu na mpaka wa Burundi. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza Kiswahili, baba aliniagiza nimwandikie mnunuzi wetu wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, kwamba maharagwe yamezaa vyema. Kwa Kinyarwanda twasema "ibishyimbo byeze". Kitenzi hicho, "kwera", maana yake ni kuwa na weupe, na tena ni kuiva au kuzaa kwa mazao. Basi nikaandika: "Maharagwe yetu yamekuwa meupe." Mnunuzi akadhani yameota ukungu, akanunua kwingine. Karo yangu ya muhula ule ilichelewa.

Sasa tutazame matumizi ya neno hili katika Kiswahili.

Kwanza, mwanga. Kukiwa kweupe, kumepambazuka.

Pili, uwazi. Kusema peupe ni kusema mbele ya watu bila kuficha.

Tatu, wema. Mwenye moyo mweupe hana kinyongo wala hila.

Nne, utupu. Karatasi nyeupe haijaandikwa kitu, na mwanafunzi aingiaye mtihanini "mweupe" hana alijualo. Angalieni basi: moyo mweupe ni sifa, kichwa cheupe ni aibu!

Tena, weupe hupimwa kwa kulinganisha. Divai nyeupe ina umanjano, lakini huitwa hivyo kwa sababu iko nyekundu. Vivyo hivyo Mwafrika ambaye rangi yake haikukolea huitwa mweupe akisimama karibu na mweusi zaidi. Atakaye weupe halisi, usio na doa, husema "nyeupe pe", kama asemavyo "nyeusi ti".

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo barua kama ile yangu zitazidi kuandikwa. Shauri langu ni hili: usitafsiri neno likiwa peke yake, tazama kwanza limefuatana na nini. Laiti ningaliandika "maharagwe yamekomaa", maneno mawili tu, mavuno yetu yangaliuzwa.